Lazarillo wa Tormes kwa Kiswahili: shajara ya kutafsiri

11 Aprili 2023: Kitabu kimepatikana

Masika yameshika, wageni wamekatika. Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe. Kihispania nilikiokota kwao, nikakinyoosha mwenyewe kwa kusoma usiku, na kila mwaka miezi hii huwa sina la kufanya ila kusikiliza mvua inavyopiga bati. Mwaka huu nimeamua kutafsiri kitabu kizima kutoka Kihispania bila kupitia Kiingereza. Nitaandika hapa kila hatua na kila shilingi iliyotoka, ili atakayefuata njia hii ayajue mashimo yake.

Kwanza nilimtazama Don Quijote. Sehemu mbili, ya 1605 na ya 1615, unene wa tofali. Nikamrudisha taratibu nilipomtoa. Waandishi wa karne iliyopita, akina García Márquez, haki zao bado zina wenyewe, na ruhusa ya kutafsiri hununuliwa. Kilichobaki mkononi ni kitabu chembamba cha 1554, ambacho mwandishi wake hakuweka jina na mpaka leo wataalamu wanavutana ni nani: *La vida de Lazarillo de Tormes y de sus fortunas y adversidades*.

Mtoto wa kinu cha kusagia nafaka, kando ya Mto Tormes karibu na Salamanca, mama yake anamkabidhi kwa kipofu ombaomba awe macho yake. Baada ya kipofu anahama bwana hadi bwana, na karibu kila bwana anamshindisha na njaa kwa namna yake. Kwa Wahispania hapa ndipo ilipoanzia riwaya ya wajanja wa mitaani. Mimi niliposoma mara ya kwanza nilimsikia Abunuwasi, ila Abunuwasi sijamwona akinyonya kwa mrija, kwa siri, mvinyo wa bwana wake mchoyo.

Gharama: kuchapa matini ya bure niliyoipata mtandaoni, kurasa 64 kwa shilingi 100, ni 6,400. Madaftari mawili, 4,000.

2 Mei 2023: Rasimu ya mlango wa kwanza

Kitabu kina dibaji na sehemu saba ziitwazo *tratado*. Nimeziita milango, kama vitabu vya zamani vya Kiswahili. Dibaji nimeiruka, sentensi zake ndefu kama mkia wa tiara.

Kabla ya kuanza nilijaribu kupitisha ukurasa mmoja kwenye programu ya kutafsiri. Lazarillo anamwandikia mtu mkubwa, anamwita *Vuestra Merced*. Programu ikatoa "rehema yako". Nikaifunga.

Kwa mkono kazi ilikwenda mbio, na sababu yake najua: Kihispania na Kiswahili vyote viwili vimenyonya Kiarabu. *Fulano* ni fulani. *Hasta* ni hata, ile hata ya zamani yenye maana ya mpaka. *Azúcar* ni sukari. Baba wa kambo wa Lazarillo ni mtu mweusi anayetunza farasi, jina lake Zaide, na hapa kwetu kina Zaidi wamejaa kila mtaa. Nilijiona nimerudi kwa ndugu. Siku tisa mlango ukaisha.

19 Mei 2023: Ndugu wamenigeuka

Leo nimesoma rasimu kwa sauti na kukuta upuuzi. Kipofu wa Lazarillo ana dua ya kila shida: wanawake wasiozaa, wenye kuumwa na meno, walioolewa vibaya. Kitabu kinasema kwa mwezi mmoja alipata zaidi ya wanavyopata vipofu mia kwa mwaka. Sentensi inayofuata, kwa mkono wangu mwenyewe: "Lakini sijapata kuona mtu mchoyo na maskini kama yeye."

Maskini kwa vipi, na fedha zote zile?

Neno ni *mezquino*. Limetoka kwenye *miskin* ya Kiarabu, tumbo moja na maskini wetu. Lakini huko lilikokwenda lilibadilika tabia: kutoka fukara likawa mtu mwenye moyo mdogo, mkono wa birika. Nimeandika "bahili", neno ambalo nalo ni la Kiarabu, kwa hiyo sikutoka nje ya ukoo, nilibadili ndugu tu.

Nikaanza kuwashuku wote. *Alguacil*, ambaye Lazarillo anamtumikia karibu na mwisho, ametoka kwenye *al-wazir*. Mimi nilikuwa nimeshaandika pembeni "waziri (mdogo?)". Huyo ni askari wa mahakama wa kukimbizana na wezi, na siku wezi walipogeuka na kumkimbiza yeye kwa mawe na marungu, Lazarillo aliacha kazi. Alama yangu ya kuuliza imeniokoa, lakini kidogo sana.

27 Mei 2023: "Wakampaka mafuta"

Kosa hili nalipa nafasi yake, maana ndilo lililonitia aibu kuliko yote.

Zaide anaiba shayiri ya farasi, kuni na mablanketi ili mama yake Lazarillo apate cha kumlea mtoto mchanga. Anakamatwa. Kitabu kinasema *azotaron y pringaron*. La kwanza ni kuchapa viboko. La pili nililitafuta kwenye kamusi ya leo: *pringar*, kupaka mafuta, kuchovya mkate kwenye mchuzi wa mafuta. Nikaandika: "Wakamchapa viboko, wakampaka mafuta." Nilidhani ni dawa. Nilidhani baada ya kumpiga walimhurumia.

Kilichonishtua ni mama yangu. Nilikuwa namsomea jikoni, akauliza: "Wamempaka mafuta ya nini, na wao ndio waliompiga?" Sikuwa na jibu. Nikafungua kamusi ya Chuo cha Lugha cha Hispania ya 1726 hadi 1739, ile wanayoiita *Autoridades*, inasomwa bure mtandaoni. Pale *pringar* ni kumwagia mtu shahamu ya kuchemka ikiwa adhabu. Ndivyo walivyofanyiwa watumwa: viboko vinafungua ngozi, mafuta ya moto yanaingia.

Sasa ni: "Wakamchapa viboko, kisha wakamdondoshea shahamu ya moto juu ya vidonda." Maneno yamezidi ya asili, na nimeyaacha yazidi. Msomaji wa 1554 neno moja lilimtosha, alikuwa amekwisha kuyaona mwenyewe sokoni.

Mlango huohuo una ile sehemu ya mdogo wake, mtoto wa Zaide. Mtoto anamwona baba yake mweusi, anamwona mama na Lazarillo ni weupe, anamkimbilia mama huku akimnyooshea baba kidole: *¡Madre, coco!* Nimeweka "Mama, zimwi!" Lazarillo anajisemea moyoni ni wangapi duniani wanaokimbia wenzao kwa kuwa hawajioni wenyewe. Hapo sikubadilisha kitu tangu rasimu ya kwanza.

Kanuni kuanzia leo: kamusi ya leo ni ya kukumbushia tu. Kila kitenzi cha adhabu, chakula, fedha na dini kinapitia *Autoridades*, na kisipopatikana, kamusi ya Covarrubias ya 1611. Mwendo umeshuka hadi nusu ukurasa kwa siku.

14 Juni 2023: Chuku

Ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa umenishinda miezi miwili. Baba mzazi wa Lazarillo anafanya kazi kinuni na anashtakiwa kwa *ciertas sangrías mal hechas* katika magunia ya wateja. *Sangría* ni kutoa mtu damu kwa tiba. Yaani aliyatoboa magunia "akayatoa damu", akaiba unga. Nilijaribu "aliyachanja magunia". Nikajaribu "aliyatoa damu". Mzaha ukafa mara mbili.

Jibu lilikuja barazani, wala sikuuliza. Mzee mmoja alimkatiza mwenzake: "We unapiga chuku tu." Chuku! Pembe ya kuumikia, ya kunyonyea damu mbaya mgongoni. Na kupiga chuku ni kutia chumvi, tena wa zamani walilitumia hata kwa kumnyang'anya mtu chake kwa hila. Tiba na ulaghai katika neno moja. "Baba yangu alisingiziwa kuyapiga chuku magunia ya watu waliokuja kusaga." Nililipa kahawa ya baraza zima.

Kwenye sentensi inayofuata alinikwamua mtu mwingine. *Confesó y no negó* nilikuwa nimeitafsiri "alikubali kosa, hakubisha". Dereva ninayefanya naye kazi, Mkatoliki wa Songea, aliisoma kwa Kihispania chake cha kubahatisha akasema: "Huyu anaiga Injili ya Yohana." Kweli. Katika Biblia ya Kiswahili ni "alikiri, wala hakukana". Na kile kipande cha pili, kuteswa *por justicia*, ni Mathayo: heri wenye kuudhiwa kwa ajili ya haki. Mwizi wa unga anapewa maneno ya watakatifu. Tatizo ni kwamba *justicia* kwao ni haki na pia ni wale askari wenyewe waliomkamata, na kwetu haki haivai sare. Nimeandika: "Alikiri, wala hakukana, akaudhiwa kwa ajili ya haki: haki ya wenye magunia." Dereva alicheka, nikafunga ukurasa.

Fundisho la kazi: kama wewe ni Mwislamu unatafsiri kitabu cha Wakristo, mtafute Mkristo mapema. Mimi nilichelewa.

Julai hadi Oktoba 2023

Wageni. Hakuna kilichofanyika.

22 Novemba 2023: Mlango wa pili na wa tatu

Mvua za vuli zimenirudisha mezani. Padri wa Maqueda, bwana wa pili wa Lazarillo, na kasha lake la mikate nimemaliza bila taabu kubwa. "Padri" na "kasha" tuliachiwa na Wareno, majirani wa Wahispania, kwa hiyo maneno yalikaa yenyewe. Mikate midogo ya sadaka niliipa jina "boflo" halafu nikaona mbele yangu muuza mikate na baiskeli yake. Sasa ni "vimkate".

Gudulia nimelipata kwa mama. Kile chombo cha udongo cha mvinyo, anachokitoboa Lazarillo chini na kuziba kwa nta, na ambacho kipofu anakuja kumvunjia usoni, nilikuwa nimekiita "jagi". Mama akasema jagi halivunji meno.

Namna ya kuitana ilinisumbua zaidi. Lazarillo anamwita kipofu *tío*. Nikaweka "mjomba". Wasikilizaji wangu wawili walikataa kwa pamoja: mjomba ni wa kwenda kudekea, hakubamizi kichwa kwenye sanamu la fahali. Maana ndivyo kipofu alivyofanya kwenye daraja la Salamanca: alimwambia mtoto atege sikio kwenye fahali wa jiwe asikie mngurumo, kisha akamsukumiza. "Mjinga we, jifunze: kijana wa kipofu sharti amzidi shetani nukta moja." Tumebadilisha iwe "ami". Ami anaweza kukuchapa na baba asiseme kitu.

*Vuestra Merced* nayo imezunguka. "Mheshimiwa" kila aliyesikia alimwona mbunge. Imekuwa "Bwana Mkubwa", na mmoja barazani akasema sasa inasomeka kama barua ya kijana anayejieleza kwa DC. Sawasawa. Kitabu kizima ndicho hicho, maelezo ya mtu aliyeulizwa jambo na mkubwa.

Mlango wa tatu ndio bora kuliko yote, na ndio uliokwenda kwa furaha. *Escudero* wa Toledo, bwana wa tatu, ana upanga, ana joho, anatembea kwa maringo, anasimama mlangoni akichokoa meno kwa kijiti ilhali ndani hajala mtu. Kwa Kiingereza nimeona wanahangaika naye. Kwetu ana jina tangu zamani: mwungwana. Anafika mahali anaombaomba kwa macho, na Lazarillo, mtumishi, ndiye anayemlisha bwana wake kwa mkate wa kuomba na *uña de vaca*. Nilikuwa nimeandika "ukucha wa ng'ombe", nikacheka peke yangu nilipogundua ni kitu gani.

"Makongoro hayo?"

"Naam, bwana."

"Nakwambia hakuna tonge duniani lililo bora kuliko hili. Hata kwale hanipendezi hivi."

Asili inasema ndege wa *faisán*. Hapa hayupo, kwale yupo.

Fedha: *blanca* na *media blanca* nimezifanya "pesa" na "nusu pesa", kwa kiwango kidogo kidogo cha zamani. *Real* nikaiacha "reale", nikiwa na uhakika, kwa kuwa reale yetu imetokana na hiyohiyo ya Kihispania. Mwungwana anarudi siku moja na reale, anamtuma Lazarillo sokoni akanunue mkate, mvinyo na nyama. Mzee wa chuku akanikatiza: "Reale nzima kwa mkate? Hiyo ilikuwa ya kuolea." Alikuwa anafikiria ile reale kubwa ya fedha yenye sura ya malkia, waliyoitumia mababu zake. Nimeongeza maneno matatu mlangoni: "ya maravedi 34". Nani atajua maravedi ni nini sijui, lakini angalau hatofikiria mahari.

Na njiani Lazarillo anakutana na jeneza, mjane analia wapi wanampeleka mumewe: kwenye nyumba ya huzuni, nyumba ya giza, nyumba ambamo hakuliwi wala hakunywewi. Mtoto anakimbia nyumbani kufunga mlango, anadhani maiti inaletwa kwao. Niliposoma hapo kahawa ilimtoka mtu puani.

16 Januari 2024: Nimetafsiri kitabu kisichokuwapo

Nilikuwa na wageni wanne, mmoja wao mwalimu wa fasihi wa sekondari. Kwa kujionesha nikamsimulia kisa cha pembe: kipofu na Lazarillo wako nyumba ya wageni Escalona, kipofu anapapasa ukutani anakamata pembe, anatabiri kwamba siku moja kitu hicho kitampa Lazarillo chakula kibaya. Pembe, yaani mume anayechezewa mke. Mwalimu akasikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Hiyo ni ya Alcalá."

Ilikuwa hivi. Mwaka 1554 kitabu kilitoka miji minne: Burgos, Antwerp, Alcalá de Henares na Medina del Campo. Mchapaji wa Alcalá alijitangazia mwenyewe kwamba ameongeza vipande. Pembe ni mojawapo, na sentensi ya mwisho kabisa ya kitabu changu, ile ya "yatakayonipata baadaye nitamjulisha Bwana Mkubwa", ni nyingine. Matini yangu ya bure, kurasa 64 bila jina la mhariri, ilikuwa imechanganya vyote bila alama hata moja. Sikuwahi kuuliza ni toleo gani. Miezi tisa.

Mwalimu alinisimulia na ya Medina del Campo, ambalo hakuna aliyelijua mpaka 1992: mafundi walibomoa ukuta wa nyumba Barcarrota, kule Extremadura, wakakuta vitabu vimefukiwa, na hicho kimo. Aliyevificha alikuwa na sababu. Mwaka 1559 kitabu kilitiwa kwenye orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku, na 1573 kikarudishwa kimekatwa, bila mlango wa nne na wa tano. Kwa hiyo anayeanza leo ahesabu milango kwanza. Ikiwa mitano, umeuziwa kile kilichopita kwenye mkasi.

Marekebisho: nimechukua matini yenye maelezo ya toleo kutoka maktaba ya mtandaoni ya Biblioteca Virtual Miguel de Cervantes, nikaichapa (7,000), nikalinganisha mstari kwa mstari kwa wiki tatu. Kurasa tano za daftari zimefutwa. Kisa cha pembe nilikuwa nimekitafsiri vizuri kuliko vyote, wacha niseme.

30 Aprili 2024: Mlango wa nne hadi wa saba

Wa nne ni mfupi kiasi kwamba nimeumaliza kabla chai haijapoa. Mtawa anayependa kutembea kuliko kusali, viatu vinaisha, na Lazarillo anaondoka kwa hayo "na kwa mambo mengine madogo madogo nisiyoyasema". Wasomaji wawili waliniuliza ni mambo gani. Nikawaambia hata mimi sikuambiwa.

Wa tano: *buldero*, anayeuza hati za Papa za kusamehewa dhambi. "Muuza hati za Papa" ilieleza, haikuchekesha. Dereva wangu akasema mwite muuza vyeti vya toba. Ukishasikia cheti unaona foleni, mhuri na ada. Kisa chake, cha kupanga na askari wagombane mbele ya watu, kisha askari aanguke kanisani akitoa povu hadi cheti kimponye, hakikuhitaji maelezo yoyote kwa hadhira yangu. Walianza kutajiana wa siku hizi, nikalazimika kuwanyamazisha.

Wa sita na wa saba vimepita haraka. Lazarillo anakuwa *pregonero* wa Toledo, mpiga mbiu: anatangaza mvinyo unaouzwa, vitu vilivyopotea, na makosa ya wanaopelekwa kuadhibiwa. Yaani mtoto wa mtu aliyeadhibiwa sasa ndiye mtangaza adhabu. Hilo sikuliona mpaka nilipoliandika kwa Kiswahili.

Sentensi ya mwisho, ile ya kweli, inasema wakati huo alikuwa katika neema yake na kileleni mwa kila heri. Na tunajua mkewe analala kwa nani: kwa padri. Neno "heri" nimelichagua kwa makusudi, ili ligongane na jina la kitabu: *Maisha ya Lazarillo wa Tormes, heri zake na shari zake*. Mwanzo ilikuwa "bahati na shida zake", ikisomeka kama ripoti ya mradi wa maji.

8 Juni 2024: Chapa ya majaribio

Nakala 20, kwa 4,500 kila moja: 90,000. Kijana wa steshenari aliuliza jina la mwandishi kwa ajili ya jalada. Nikamwambia hajulikani. Majalada yakatoka "Na Hajulikani wa Tormes". Kuyachapa upya, 10,000.

Ukijumlisha bando la 10,000 kwa miezi minane niliyofanya kazi kweli, na kahawa na kashata za baraza zipatazo 12,000, jumla ni shilingi 209,400. Mapato: sifuri, ila gudulia ambalo mama amelitafuta stoo akanipa.

21 Juni 2024: Dibaji

Imebaki hii tu. Sentensi ya kwanza inasema ni vyema mambo makubwa kama haya, *por ventura* hayajapata kusikika wala kuonekana, yawafikie wengi na yasizikwe katika kaburi la usahaulifu. Kitabu kilichokaa ukutani karne nne na zaidi kinaanza hivyo.

Nilikuwa nimeandika "kwa bahati hayajapata kusikika". Safari hii nimefungua *Autoridades* kabla ya kusema nimemaliza: *por ventura* ni "pengine", bahati haimo. Nimefuta. Mistari minne imepita. Kesho asubuhi nina wageni wa kisiwa cha Changuu, nitaendelea usiku.